Majina Kumi na Tisa ya Wenye Pumu

Mama Anastasie alihesabu pumzi zake kwa maharage. Pompi mpya ya pumu hutoa dawa mara mia mbili, ndivyo kisanduku chake kinavyosema. Basi siku aliyoinunua alitia punje mia mbili katika kopo la maziwa, na kila alipovuta dawa alitoa punje moja akaitupa chunguni. Asubuhi ninayoisimulia, mwaka 2013, kopo lilikuwa limebaki na punje tano.

Alikuwa jirani yangu katika kambi ya waliokimbia vita, Kashuga. Mwanamke mrefu, mbishi, mwenye kicheko kilichoishia kwenye kikohozi. Kifua hicho alikipata Omate, kule Walikale, ambako kwa miaka sita alitwanga mawe ya dhahabu ya watu wengine na kuvuta vumbi lake. Vita vilipomfukuza alikuja kwetu kulima mashamba ya watu kwa kibarua, na pompi moja ilimgharimu debe zima la maharage. Mimi ni Nestor, mwalimu asiye na darasa, kwa maana shule yetu ilikuwa imejaa watu waliolala ndani.

Mwezi ule redio ilitangaza kwamba wabunge wa jimbo wanatayarisha sheria ya kushusha bei ya dawa za magonjwa ya kudumu katika vituo vya afya. Mbunge wetu alikuwa Mweso kwa likizo ya bunge, akipokea vilio vya watu. Alitaka kila ugonjwa uletewe orodha ya wagonjwa wake, na usioletewa hautaingia katika sheria. Jumamosi saa sita mchana angerudi Goma.

Siku ya kwanza tulipita kibanda kwa kibanda, Anastasie na mimi. Aliweka sikio mgongoni mwa kila mtu, na ambaye kifua chake hakikulia filimbi hakuandikwa. Jioni tulikuwa na watu kumi na tisa kwenye ukurasa wa kwanza. Siku ya pili yeye alikwenda kulima, nami kwa uvivu wangu nikakaa kwenye kiti mbele ya kanisa, daftari mapajani. Mtu wa kambini hapaswi kufanya kosa hilo. Kwetu, anayekaa kitini na daftari anaandikisha mgao wa unga na mafuta. Kabla sijatoa kalamu, mstari ulikuwa umefika barabarani.

"Niandike na ule wa mu tumbo," aliniambia Colette, mjamzito wa miezi saba.

"Naye iko na asime?" nilimuuliza, kwa jina tulilolichukua kwa Wafaransa la pumu.

"Atakuwa nayo, Mwalimu. Andika tu."

Nikaandika. Nikaandika marehemu, nikaandika vijana wenye vifua kama milango. Nilijua tangu ukurasa wa pili kwamba wanafuata unga, na nilinyamaza kwa sababu hesabu ilipendeza. Penye wengi pana Mungu, wanasema. Sijui kama waliosema hivyo waliwahi kuishi kambini. Tulifika mia nne na kumi na wawili.

Anastasie alifunua kurasa, uso ukamkunjamana. "Mwalimu, aba bantu beko bazima kama mawe."

"Badeputé, bale ba bunge, banapenda bengi, Mama."

Alifunga daftari akanirudishia, nami nikajifanya kuona kwamba amekubali.

Jumamosi tulitoka alfajiri. Kilima cha kwanza kilimshika kifua, akavuta dawa mara moja. Zikabaki nne. Tulipofika kwenye kizuizi cha askari barabarani, mmoja wao alichukua daftari langu, akapitisha kidole juu ya majina na alama za vidole gumba. 

"Hii liste iko ya banani? Munapelekea nani hawa bijana?"

"Iko ya bagonjwa ba asime, Chef."

"Bantu mia ine na kumi na mbili? Unaniona mujinga?"

Alitukalisha chini. Katika njia ile, ambako orodha ya majina ilihesabiwa kuwa ya wapiganaji wa waasi, watu walikuwa wamepotea kwa sababu ya orodha fupi kuliko hiyo, na mwandiko wote ulikuwa wangu. Jua lilipanda. Nilifikiria saa sita, nilifikiria mke wangu, nilimchukia Colette na mimba yake, kisha nikajichukia mwenyewe. Kando yangu kifua cha Anastasie kilianza kulia. Alipotoa pompi, askari akamnyang'anya.

"Na hii njo radio yenu?"

Akaibonyeza hewani. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu.

"Chef," Anastasie alisema kwa shida, "ile njo pumuzi yangu unamwanga."

Askari aliitazama pompi, akamtazama yeye, akamrudishia. Nilimsihi Anastasie kwa macho aitumie. Hakuitumia. Alikunja midomo, akatoa pumzi polepole kama mtu anayepoza uji, muda mrefu, mpaka nikaanza kusali. Kisha akanyoosha mkono, akachukua daftari mwenyewe, akachana ukurasa wa kwanza.

"Bagonjwa ba kweli njo aba kumi na tisa. Bale bengine beko na njaa, Chef. Njaa haiko asime."

Askari akatupa daftari lililobaki kwenye moto walikochoma mahindi, akatuashiria tupite.

Gari la mbunge lilikuwa linanguruma tulipofika uwanja wa parokia, Mweso. Mwandishi wake, kijana mpole mwenye miwani, aliupokea ukurasa wetu. Alihesabu kwa ncha ya kalamu.

"Mama, magonjwa ingine inaleta bantu elfu. Kwa bantu kumi na tisa, Assemblée kule Goma haitasikia."

Nilifungua kinywa nimwambie kwamba tulikuwa na mia nne, na wino wake ulikuwa bado kwenye vidole vyangu. Anastasie alinibana mkono.

"Andika sasa, Papa," alimwambia. "Mu vakansi ingine ya bunge utakuta tumepunguka."

 Mwandishi akaandika katika daftari lake: pumu, wagonjwa kumi na tisa. Gari likaondoka na vumbi, Anastasie akajifunika pua kwa kitenge.

Njia ya kurudi Kashuga ina vilima vitatu, na pompi ilikuwa imebaki na pumzi moja.