Mstari mmoja wa daftari ulivyofuta majedwali ya BIOS, kibarua nusura kiote nyasi Mpwapwa

Wakuu, heshima zenu. Hili limenikuta mimi mwenyewe, sitii chumvi hata punje.

Miaka ile kompyuta za mtumba zinaanza kumiminika, nilikuwa kibarua kwenye chuo kimoja Mpwapwa. Ikaletwa mashine ya matokeo ya wanafunzi, nikaambiwa niweke mfumo wa Linux.

Nikaweka. Ikawaka, ikaganda! Nikafuta, nikaweka upya. Ikaganda tena. Siku tatu wakuu!

Siku ya nne asubuhi mkuu wa chuo akasimama mlangoni: "Saa nane mchana ikiwa haijawaka, fungasha urudi kwenu Kondoa."

Jasho likanitoka, na upepo wote ule wa Mpwapwa.

Sasa, mimi nilikuwa na daftari. Amri yoyote iliyowahi kukubali naiandika, mashine inayofuata nanakili vilevile, sibadili hata nukta. Internet ilikuwa mpaka upande basi uende Dodoma mjini, kwa hiyo daftari ndilo lilikuwa msahafu wangu.

Katibu muhtasi, Mama Ndahani, Mgogo na mtani wangu, akakaa ananisomea daftari huku nachapa. Akafika kwenye mem=128M, akasita.

"We Mrangi, hii ndiyo nini?"

"Naiambia RAM yake, yaani kumbukumbu, ni MB 128, mama."

"Kwani yenyewe haijui kuhesabu?"

Weee! Nikaruka kwenye kiti. Mashine ya zamani niliyoiandikia mstari ule ndiyo ilikuwa haijui. Hii inajua!

Iko hivi. Mashine ikiwaka, BIOS, ile programu ndogo ya kuiamsha, inaandaa majedwali yanayoeleza vifaa vilivyomo. Inayaweka mwishoni kabisa mwa RAM, halafu inauambia mfumo kama Linux: hapa pasiguswe. Mimi nakuja na mstari wangu, chukua zote 128! Linux inatii, inaandika juu ya majedwali. Ikiyahitaji, inakuta takataka, inaganda.

Nikafuta mstari. Restart. Ikapanda mpaka login, pale pa kuandika jina uingie, saa saba na nusu! Nilipiga kelele mpaka darasa la jirani wakachungulia. Raha niliyoisikia siwezi kuieleza.

Mama Ndahani akafungua droo, akatoa karatasi, akaichana vipande vipande mbele yangu.

Ilikuwa barua yangu ya kufukuzwa. Alishaichapa asubuhi kwa taipureta, ilibaki sahihi ya mkuu tu. Na bado alikaa kunisomea daftari.

Nilichojifunza: kabla hujanakili amri, jua iliandikwa kwa sababu gani. Na mtu wa pembeni akiuliza swali la kitoto, mjibu vizuri.

Nani mwingine ameshawahi kuiua mashine kwa kuifundisha inachokijua? Mwageni hapa, msione aibu.