Pete Isiyo na Jiwe

Kazi yangu ni kung'arisha. Pete ikitoka kwa fundi ina mikwaruzo, mimi ndiye ninayeisugua kwenye brashi ya mashine mpaka ikutazame nawe uitazame. Ni kazi ya vumbi na kelele, na aliyekaa kwenye kelele miaka kumi na tisa huzoea kusema kwa sauti. Ndiyo maana watu wananiita mkali. Sina ukali wowote, nina mdomo tu. Mara moja maishani niliufunga, na ndiyo habari yenyewe hii.

Meza iliyo ubavuni mwangu ni ya fundi wa kupachika mawe. Dukani tunamwita Bwana Doa. Haijawahi kupita almasi chini ya lenzi yake akakosa la kusema: hii ina doa jeusi pembeni, ile ina ufa, nyingine ina ukungu. Mwenye duka alikuwa akimtania, "Wewe hata ukipewa mwezi utasema una madoa." Naye anajibu bila kuinua kichwa, "Lakini si kweli unayo?"

Mtu mpole, shati lake daima limepigwa pasi, miaka thelathini na minane, anaishi na mama yake vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Tulishachoka kumuuliza ataoa lini.

Basi macho yakaanza kumuuma, kama yanavyowauma mafundi wote wa mawe. Akavuka barabara kwenda duka la dawa kununua matone. Wiki iliyofuata akaenda tena. Mara ya tatu nikamwambia, "Mdogo wangu, hayo matone unayanywa?" Akajifanya anatafuta koleo, na koleo lenyewe alikuwa amelishika.

Muuzaji wa dawa alikuwa dada wa makamo yake, mwenye kicheko cha ghafla. Kwenye kidole cha pete alivaa kijipete cha bati, na alikuwa akikivua kila anapohesabu vidonge. Siku moja Bwana Doa akaingia dukani kwetu mbio, amebana kidole kidogo cha mkono wa kushoto kama mtu aliyejikata. Nikakimbilia kitambaa.

"Dada, lete kalamu," akaniambia. "Upesi, kabla sijapapoteza."

Kumbe alikikuta kile kijipete juu ya kaunta, dada amegeukia kabati, akakitia kwenye kidole chake kidogo. Kikakwama kwenye kiungo cha kati. Akakirudisha, akatimua mbio huku amepashika pale pale, na matone yake akayaacha kaunta. Nikamchorea alama ya wino. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Wiki ile ile akatengeneza pete ya kipimo kile, kwa dhahabu ya hereni za bibi yake. Niliing'arisha mwenyewe. Juu ilikuwa na makucha manne madogo yaliyosimama wazi, yanangoja almasi. Akaitia ndani ya kiberiti kitupu, akakifungia kwenye droo yake.

"Nakuomba, dada, usimwambie mtu," akasema. "Hata yeye mwenyewe. Nikipata jiwe nitampelekea ikiwa kamili." Nikamwapia.

Sasa hilo jiwe. Mleta mawe alikuwa akija kila mwisho wa mwezi na vipakiti vyake vya karatasi, na mwenye duka akakubali Bwana Doa achague la kwake kabla ya mtu mwingine. Mwezi wa kwanza akakaa dirishani asubuhi nzima, akarudisha yote. Wa pili vilevile. Wa tano nikashindwa kuvumilia, nikamnyang'anya jiwe moja na kuliinua juani.

"Hili lina ubaya gani?"

"Lina doa."

"Mimi silioni."

"Na yeye hataliona," akasema. "Mimi nitaliona. Kila atakaponiwekea kikombe cha chai mezani, nitaliona."

Nikamwambia mchagua nazi hupata koroma. Akanijibu kwamba yeye hachagui nazi.

Mwaka ukaisha, ukaingia mwingine. Kila jioni alimsindikiza yule dada mpaka kituo cha basi, watu wazima wawili wakizungumza habari za kikohozi na mvua. Neno la ndoa hakulitamka. Aliona haya kulisema mikono mitupu, na yeye ndiye fundi wa pete.

Halafu Jumatano moja, Bwana Doa amempeleka mama yake kliniki, yule dada akaja. Alisimama mbele ya meza yangu na koti lake jeupe la kazi. Nikazima mashine.

"Dada yangu, wewe unashinda naye kutwa," akasema. "Niambie kweli. Huyu ana nia na mimi au ananipotezea muda? Kuna mtu amepeleka posa nyumbani, na baba anataka jibu langu Jumamosi. Nikijua huyu ananitaka, nitamkataa yule."

Kiberiti kilikuwa kwenye droo, karibu na goti langu. Ningesema neno moja tu. Hata nisingesema, ningegonga droo kwa kiatu akaelewa. Lakini nilikuwa nimeapa, nami nikajiona mtu wa maana sana kwa kiapo changu.

"Sijui, mdogo wangu," nikasema. "Muulize mwenyewe."

"Nimemuuliza. Ananiambia nisubiri kidogo." Akatabasamu tabasamu la mtu aliyechoka, akanishukuru. Alinishukuru mimi.

Kesho yake Bwana Doa hakuweka hata begi chini, nikamshukia. Nikamweleza yote, posa, baba, Jumamosi. Nikamwambia achukue hiyo pete hivyo hivyo ilivyo avuke nayo barabara. Akaitoa kwenye kiberiti, akaigeuza kidoleni.

"Nimpelekee pete yenye tundu? Mimi?" akasema. "Mleta mawe anakuja Jumatatu. Siku mbili kupita Jumamosi hazitaharibu kitu, dada."

Jumatatu mleta mawe akaja kweli. Mawe yote yalikuwa na madoa. Na ng'ambo ya barabara dada wa dawa alikuwa ameshampa baba yake jibu.

Tulimwona tena dukani kwetu baada ya miezi saba. Alivua pete ya uchumba, akaiweka mbele ya Bwana Doa.

"Inanipwaya, fundi. Nikihesabu dawa inaanguka."

Bwana Doa akaitazama kwa lenzi. Ile almasi ilikuwa na kitone cheusi ambacho mimi, na macho yangu haya ya vumbi, nilikiona nilipokaa.

"Jiwe lake likoje?" dada akauliza.

"Zuri," akasema Bwana Doa. "Halina kitu."

Akaikata pete, akaiunga. Ukutani kuna kishada cha vipete vya kupimia vidole, tunampimia kila mteja anayeingia. Hakukigusa. Aliivalisha pete kwenye kidole chake kidogo cha kushoto, ikashuka mpaka kiungo cha kati, ikakwama. Akanipa niing'arishe. Dada akaivaa, ikamkaa sawasawa.

"Mbona hujanipima?" akauliza.

Bwana Doa alikuwa anafuta lenzi, lenzi ambayo haikuwa na uchafu. Dada akakitazama kile kidole kidogo, akakitazama cha kwake.

"Kile kijipete changu cha bati," akasema polepole. "Siku ile uliyokimbia ukaacha dawa yako. Tangu siku ile?"

Akaitika kwa kichwa.

Nilidhani atamlaumu yeye, na kwa kweli niliomba amlaumu yeye. Lakini alinigeukia mimi.

"Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilijua," nikasema.

"Nilikuja hapa nikakuuliza."

"Ndiyo, uliniuliza."

Aliigeuza pete kidoleni, haikupwaya. Akamshukuru fundi, akachukua mkoba wake akaenda zake kazini.