Titi la Kitambaa

Miaka ile Warundi walikuwa wakikimbia vita na kushuka Kigoma kwa mitumbwi na boti za wavuvi, na wodi ya wazazi niliyokuwa nikifundishia wanafunzi wa uuguzi ilijaa wanawake waliojifungulia njiani. Walilala wawili kitanda kimoja, wachanga wao katikati. Wakipata nafuu kidogo, lori liliwachukua kuwapeleka kambi ya wakimbizi.

Mkuu wetu wa mafunzo alikuwa mwanamume mwenye mikono laini, aliyejipaka manukato mpaka wodini. Somo la kunyonyesha alilifundisha hivi: anawapanga wanafunzi kuzunguka kitanda, anavuta kanga ya mama bila hata salamu, kisha analiminya titi lake kama mtu anayekamua tambara la kupigia deki.

"Mnaona? Limejaa. Mtoto hajawekwa vizuri."

Halafu anamkamata mtoto kisogo na kumsukuma kifuani mpaka analia kwa kukosa pumzi.

Siku moja mama mwenyewe alikuwa msichana tu, chuchu zimechanika na kuota magamba. Alipominywa hakupiga kelele. Alilala chali akitazama bati, machozi yakamtiririka na kuingia masikioni. Wanafunzi wawili nyuma walikuwa wakichekeana. Mkuu alipomaliza, vidole vyake vimelowa maziwa, akavifuta kwenye kanga ya yule yule msichana, akahamia kitanda cha pili.

Nilitoka nje nikatapika nyuma ya jengo la kufulia. Niliwahi kushika kondo la nyuma lililooza, niliwahi kusafisha vidonda vyenye funza, na tumbo langu lilitulia. Lakini vidole vile juu ya kanga ile vilinishinda.

Mchana nilimfuata ofisini kwake.

"Mwalimu, yule mama hukumwomba ruhusa."

"Nimwombe kwa lugha gani?" Alikuwa akimenya chungwa. "Hawa wamezoea, Sista. Watu waliolala ufukweni na mbuzi watanionea haya mimi?"

Akacheka, mbegu ya chungwa ikamtoka mdomoni ikaangukia mezani. Akaiacha pale. Nikaondoka.

Nilikuwa nikiishi Ujiji kwa mama yangu mdogo, ambaye alishona mito ya sufi na kuiuza sokoni. Jioni ile nilimwambia, "Mama mdogo, nishonee titi."

Alivua miwani. "Nini?"

"Titi la kitambaa. La kufungwa kifuani, wanafunzi wajifunzie. Na mtoto pia."

"Mwanangu, una homa?"

Nilipomweleza niliyoyaona alisema tu, "Ashindwe na alegee," akachukua mkasi. Titi alilijaza sufi, chuchu akaifanya kwa kifungo alichokizungushia kitambaa cheusi. Mtoto tulimjaza mchanga wa ufukweni Bangwe mpaka akawa mzito kama mtoto mchanga wa kweli, na shingo tukaiacha legelege, ili asiyemshika vizuri kichwa kianguke.

Darasani niliweka kiti mbele. Msichana mmoja wa Kasulu alijifunga titi, nikamnong'oneza: wewe umevuka ziwa, mumeo hujui aliko, chuchu zinauma, na Kiswahili hukijui, jibu kwa Kiha tu, ndicho kinachofanana na Kirundi. Mwanafunzi wa kiume, mcheshi wa darasa, mmoja wa wale waliocheka wodini, akawa muuguzi. Akaja moja kwa moja, akalikamata titi akalizungusha kama kitasa cha mlango.

Darasa zima likaangua kicheko. Wengine walijipiga mapajani. Nikawatazama hao waliokuwa wakienda kukabidhiwa wanawake wa watu.

"Oya! Reka!" msichana alipiga kelele, yaani hapana, acha, na hakuwa akiigiza tena. Alikuwa ameshika kifua chake kwa mikono miwili.

Kicheko kikafa. Nikamwambia yule kijana, "Kaa wewe. Jifunge."

Alikaa akitabasamu. Nikamwambia msichana, "Mfanyie alivyokufanyia."

Mkono ulipomjia, kijana alirudi nyuma kiti kikakaribia kupinduka.

"Ni kitambaa tu!" wenzake wakamwambia.

"Najua," alisema. Hakuwa akitabasamu. "Lakini amenijia tu, hata hajanisemesha."

Kuanzia hapo tukaanza upya. Salamu kwanza: mwakeye. Kisha kuchuchumaa usawa wa macho ya mama. Kisha kuomba. Mikono ya muuguzi inaonyesha kwenye kitambaa, mama anafanya kwa mikono yake: tumbo la mtoto kwa tumbo la mama, kidevu kiguse titi, subiri mdomo uachame. Kichwa cha mtoto wa mchanga kilianguka mara nyingi, na kila kilipoanguka nilimrudisha mwanafunzi mlangoni aanze na salamu.

Mkuu alipokuja kutazama, alilinyanyua titi kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. "Chuo kimekuwa chekechea," akasema. Lakini walipokuja wageni wa shirika moja la misaada, nilimkuta amelipakata akiwaeleza jinsi alivyolibuni. Aliniona nimesimama mlangoni. Hakuona aibu hata chembe. Alinituma nikalete chai.

Baada ya chai akawapeleka wodini wapige picha. Kitandani alikuwepo mama aliyefika juzi yake, mtoto amegoma kunyonya. Yule kijana mcheshi alikuwa amechuchumaa kando yake na titi la kitambaa mkononi, anasema maneno yake machache ya Kirundi, vibaya, mpaka mama akacheka. Kisha mama akamsogeza mtoto mwenyewe. Mdomo ukaachama, ukashika, tukasikia anavyomeza.

"Amashereka," mama alisema, akionyesha tone la maziwa kwenye kona ya mdomo wa mwanawe.

"Fungua hiyo kanga, waone vizuri," mkuu aliagiza kutoka mlangoni.

Kijana aliinuka, akatandaza shuka mbele ya kitanda kwa mikono miwili. "Samahani, Mwalimu. Mama ananyonyesha."

Mgeni mmoja alishusha kamera yake. Wakatoka. Mkuu alibaki nyuma kidogo, akamwambia kijana, "Utanitambua." Na kweli, kwa muhula uliobaki alimpangia kuosha vyombo vya haja vya wagonjwa. Nilipokwenda kumtetea niliambiwa niangalie kazi yangu. Basi nikawa namsaidia, na tulipokuwa tukiviosha pamoja alfajiri, mimi na yeye, tulizungumza habari za mtoto yule na namna alivyomeza.

Kijana alipohitimu aliomba mwenyewe kupangiwa kambini.

Mkuu alihamishwa mwaka uliofuata, kwa cheo kikubwa zaidi. Wenzangu walimfanyia karamu ya kumuaga, wali na samaki wa migebuka, na hotuba za kumsifu. Mimi sikwenda. Nilikaa barazani Ujiji na mama mdogo, tukishona mtoto mwingine, kwa sababu yule wa kwanza alikuwa ameanza kuvuja mchanga.