Utaniambia Kikishika

Enzi zetu pale Kitengela, kabla kuta za mawe na nyaya za umeme hazijazunguka kila ploti, nyumba zilitenganishwa na ua wa kayaba wenye mianya, na ile mianya ndiyo iliyokuwa na kazi kubwa kuliko ua wenyewe. Hapo ndipo tulipopitisha chumvi, makaa ya moto juu ya kipande cha bati, habari za nani amejifungua, na sisi wenyewe watoto, magoti yakiwa yamechanwa na miiba. Wenzangu mliokua miaka ile mnajua ninachosema. Tulicheza bladda, ule mchezo wa kuruka kamba ya mpira, mpaka mpira ukakatika, tukaufunga fundo na kuendelea. Mvua ikinyesha, udongo mweusi uling'ang'ania viatu mpaka kila mtoto akawa mrefu kwa nusu shibiri, tukafika shuleni tumevaa visigino kumshinda mwalimu mkuu. Kiangazi, punda milia walikuja hadi nyuma ya kanisa. Mwalimu alitukataza kuwatazama, tufanye hesabu, huku yeye mwenyewe ameegemea dirisha.

Mama alifanya kazi kwenye shamba la maua huko Isinya. Alirudi jioni akinuka majani mabichi na dawa, vidole vimejaa mikwaruzo ya waridi. Siku moja alirudi na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Alipokifungua mezani nilirudi nyuma hatua mbili. Kilikuwa kijani, kirefu kama mkono wangu, chenye pande tatu na vijiba vidogo kwenye kila ukingo. Nilidhani ni mjusi asiye na kichwa.

Kaka yangu, ambaye aliamini kila mmea wenye sura mbaya ni dawa, alikiita dakitari. Leo kila mtu anakijua: dragonfruti, na wauzaji wa matunda wanalipanga tunda lake mbele kabisa. Wakati ule hatukujua jina lake halisi. Tulikiita tu "kitu cha Isinya."

Mama alikuwa amepewa na Peninah, mama mmoja wa Taita aliyesimama naye meza moja wakifunga maua. Peninah alimpa masharti matatu. Kwanza, kipande kikae kivulini mpaka kidonda chake kikauke. Pili, kifungwe uzi upande wa juu, kwa sababu mmea huu hauna uso, na ukiuzika kichwa chini utakungojesha bure. La tatu ndilo lililokaa nyumbani kwetu kama mtu wa ukoo: "Usiniambie asante sasa. Utaniambia kikishika."

Mama akakifunga uzi mwekundu kutoka kwenye mkebe wake wa kushonea, akakilaza juu ya kabati, kando ya Biblia. Kila nilipotoka shule nilimuuliza.

"Mama, kinangoja nini?"

"Kidonda kikauke. Wewe ukichubuka goti, mimi hukuzika?"

Siku ya tisa alikipanda mbele ya nyumba, kando ya nguzo kuukuu ya mti. Mama alikuwa wa Makueni, na mtu wa Makueni haachi maji ya mvua yapite hivihivi. Kwa hiyo akachimba beseni kuzunguka shina, ukingo mzuri wa udongo uliopigwa kwa kiganja, ili tone likianguka likae pale pale. Ndivyo nyanya alivyomfundisha, na ndivyo kila kitu kilivyooteshwa kwao.

Baada ya wiki nyingi, kwenye ukingo mmoja, kikachomoza kichwa kidogo cha kijani hafifu kama ncha ya ulimi wa mwanambuzi. Kimeshika! Kesho yake Mama aliondoka alfajiri akitembea haraka kwa furaha. Jioni alirudi polepole. Kandarasi ya Peninah ilikuwa imeisha, naye amerudi kwao. Hakuna aliyekuwa na namba yake. Mama aliosha miguu kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akasema, bila kumwambia mtu yeyote hasa, "Ameenda bila asante yake."

Nadhani ndiyo maana alianza kugawa. Kipande kilipokua akamkatia fundi wa cherehani, akamkatia mke wa mhubiri, akamkatia mwalimu wangu wa darasa la tatu. Kila mmoja alipata uzi mwekundu, somo la kidonda, somo la beseni, na lile sharti. Akijisahau mtu akaanza "As...", Mama alimwekea kiganja mdomoni. Kisha siku ilifika, miezi baadaye, jirani akasimama mlangoni na kusema, "Mama Mwende, kimeshika. Asante." Hapo Mama alimshika mikono yote miwili, akaikaza, akaweka maji ya chai jikoni. Sisi watoto tuliipenda sana siku hiyo, maana mgeni wa asante alipikiwa mandazi.

Ni mtu mmoja tu ambaye hakupewa, naye alikuwa jirani wa karibu kuliko wote: Mama Naserian, upande wa pili wa kayaba.

Huyu ndiye aliyenilea nusu. Maziwa yake ya mgando yalinuka moshi wa kijiti alichofukizia kibuyu, na hakunimiminia kikombe mpaka anisalimie kwa Kimaasai, "Takwenya," nami nijibu "Iko" kwa sauti ya mtu mwenye adabu. Binti yake Naserian alikuwa rafiki yangu wa chanda na pete. Lakini mbuzi wake mmoja mweupe, mwenye sikio lililochanika, alipita kwenye mwanya asubuhi moja akala vichwa vyote vipya vya kitu cha Isinya, kimoja kimoja, bila haraka.

"Mbuzi wako hana adabu!" Mama alifoka.

"Mama Mwende, huyu mbuzi anapita njia ya nyanya yake," Mama Naserian alijibu. "Njia ilikuwa hapa kabla hujaleta hiyo fensi yako. Wewe ulizaliwa wapi?"

Hilo swali la mwisho lilimchoma Mama kuliko vichwa vilivyoliwa. Jioni ile alikata matawi ya miiba, akaziba mwanya. Tangu siku hiyo wanawake wale wawili walipishana kanisani macho yakiwa kwenye kitabu cha nyimbo, na mimi na Naserian tukawa tunazunguka kwa barabara kubwa ili tufike mahali palipokuwa hatua kumi tu.

Mwaka uliofuata Naserian aliniambia habari za mama yake, tukiwa tunatafuna mabuyu mpaka ndimi zikawa nyekundu, "Yeiyo husimama pale kwa miiba akiangalia hiyo mti yenu. Ananiuliza inazaa nini."

Sijui nilipata wapi ujasiri. Mama akiwa kazini, nilichukua kisu cha jikoni, nikakata kipande, nikakifunga uzi mwekundu juu, nikakisukuma katikati ya miiba. Nilimwambia Naserian kila kitu kwa kunong'ona: kidonda kikauke, uzi uangalie mbinguni, na mama yake asiseme asante. Nilisahau jambo moja. Nilisahau beseni.

Kisha ikaja ile masika. Kufikia wakati huo kitu cha Isinya kilikuwa kimepanda nguzo yote na kumwaga mikono yake pande zote kama nywele za mtu aliyetoka kuoga, na kwa mara ya kwanza kilikuwa na vitumba vya maua, vinne. Mama alivihesabu kila asubuhi. Mvua ilipoanza, beseni likajaa mpaka ukingoni, naye akasimama mlangoni na kikombe chake cha chai. "Leo kimekunywa," alisema. Ikanyesha kesho yake, na kesho kutwa, na wiki iliyofuata. Udongo wetu mweusi haumezi maji. Unayakumbatia.

Shina liligeuka manjano, kisha hudhurungi, kisha likalainika kama ndizi iliyosahauliwa. Mama alikata juu kidogo, akakuta kuoza kumemtangulia. Akakata tena juu zaidi, mpaka nchani, kote kumeoza. Vitumba vikaanguka. Alijifunga leso, akaenda kwa fundi wa cherehani. Kimeoza. Kwa mke wa mhubiri, kimeoza. Mwalimu wangu alimwonyesha beseni lililopigwa vizuri kwa kiganja, limejaa maji, na katikati yake fimbo nyeusi. Wote walikuwa wamechimba kama walivyofundishwa.

Alirudi akaketi kwenye kigoda, kisu mapajani. "Nimewafundisha wote kukiua," alisema. "Kitu cha Peninah kimekwisha."

Nilijua kipo kimoja ambacho mwenyewe hakufundishwa beseni. Pia niliujua mwiko wa ugali na jinsi unavyolia ukigusa mguu wa mtoto mwizi. Nilisimama nyuma ya mlango muda mrefu, nikimwangalia mgongo. Nikatoka.

"Mama, nilimpa Naserian. Mwaka jana. Kwa miiba."

Hakuinuka. "Ulifunga uzi?"

"Mwekundu."

"Juu au chini?"

"Juu, Mama."

Kisha akavaa kitambaa chake cha kanisani, akachukua panga, na badala ya kwenda barabarani akaenda moja kwa moja kwenye ua. Alikata ile miiba aliyoiweka mwenyewe, tawi baada ya tawi, akainama, akapita. Nami nikapita nyuma yake.

Kwa Mama Naserian kitu cha Isinya kilikuwa kimeoteshwa juu ya lundo kuukuu la samadi kavu ya mbuzi, pale maji ya mvua yalipoteremka na kwenda zake. Kilikuwa kimeukwea ua wa boma kwa mabega mapana, na katikati yake lilining'inia tunda moja jekundu lenye magamba, kama kitu kilichoota kwa hasira. Mama Naserian alikuwa amesimama kando yake, shanga zake zikilia polepole, akitutazama tukija. Mama akafungua mdomo.

"Ngoja," Mama Naserian alisema, akiinua mkono. "Mimi ndio naanza. Nimekaa na hii maneno kwa mdomo tangu mwaka jana, na wewe umeniwekea miiba. Kimeshika, Mama Mwende. Ashe oleng, asante sana."

"Sikukupa mimi," Mama alisema kwa sauti ndogo.

"Na hii uzi ni ya nani?"

Uzi ulikuwa bado pale chini, umechujuka na kuwa wa waridi, shina limenenepa na kuumeza nusu. Mama aliugusa kwa kidole.

"Ni wangu."

"Basi."

Mama alianza kucheka, na alipocheka nikaona macho yake yamejaa. "Na umekipanda kwa mavi ya yule mbuzi?"

"Yule yule. Amerudisha alichokula."

Wakashikana mikono, yote minne, mpaka mimi na Naserian tukaona haya tukatazama kuku. Tunda lilikatwa vipande vinne juu ya kigoda. Ndani lilikuwa jeupe, lenye mbegu ndogo nyeusi zisizohesabika. Miaka ile yote tulikuwa tumengoja utamu wa ajabu. Naserian alitafuna, akafikiri, akasema, "Ni kama maji yamevaa nguo nzuri." Tulicheka mpaka tukakaa chini. Mama peke yake hakucheka. Alikula chake taratibu, akakwangua ganda kwa meno ya chini, na akaondoka na kipande chenye uzi mpya. Alikipanda juu ya kilima cha mawe na samadi, akawazungukia majirani wote, mmoja mmoja, kuwaomba msamaha na kuwaambia wabomoe mabeseni. Mwanya haukuzibwa tena, mpaka watu wa Naserian walipohamia upande wa Kajiado na ploti yao ikakatwakatwa.

Sasa pale penye kayaba pana ukuta. Mimi naishi upande wa pili wa mji, kwenye nyumba zinazofanana kama mayai, nami nimo kwenye kundi la simu la wapenda bustani. Wadogo zetu ni wazuri, sitawasema vibaya sana. Lakini mtu anaandika, "Naomba kipande, asante ya mapema," na vile vipicha vitatu vya mikono inayoomba, hata kisu sijakishika. Mmoja aliniuliza kama ninacho ambacho kidonda kimeshakauka, kwa sababu yeye ana haraka. Mwingine alitazama video nne na bado akakipanda kichwa chini. Nawapa wote, na uzi juu. Nikiuliza baada ya miezi kama kilishika, sipati jibu. Asante yao ilishatumwa zamani, hawana sababu ya kurudi.

Sisi ile asante ilitubidi kuilisha na kuingojea. Tulipita nyumba ya mtu kila siku tukimfikiria, tukitazama kipande chake kama kimeamka. Leo nadhani huo ndio ujirani wenyewe tuliokuwa nao, na hatukujua kuwa una jina.

Nilipomtembelea Mama mara ya mwisho alinikatia kipande kutoka kwenye kile cha Mama Naserian. Anashika kisu kwa tahadhari siku hizi, vidole vimekakamaa kwa miaka ya waridi. Alifunga uzi mwekundu mwenyewe, ikamchukua muda, na sikumsaidia. Nilipofungua mdomo aliniwekea kiganja. Tangu hapo kila Jumapili hunipigia simu, na kabla ya salamu huuliza, "Kimeshika?" Nami hujibu, "Bado, Mama."

Leo asubuhi kimetoa kichwa. Nimekipiga picha, kidole kikawa tayari kuituma. Kisha nikaifuta, nikatafuta viatu. Mama bado ana mikono miwili, na asante hii imengoja muda mrefu mno, haiwezi kupita kwenye simu.