Sentensi Iliyokataa Kufutika

Nilimtukana naibu wa mwalimu mkuu siku ya Jumanne, wakati wa mapumziko ya saa tano, na sikuwa na ubaya wowote moyoni. Nilitaka tu jirani yangu wa dawati acheke. Akacheka kweli, mpaka akapaliwa na buyu alilokuwa akilimumunya, ikabidi nimpige mgongoni. Kengele ikalia, tukatimua mbio darasani. Nikajiambia jioni nitarudi nilifute tusi langu, kisha maisha yaendelee.

Sikuliandika ukutani. Mwaka jana kuna mvulana wa kidato cha nne aliyemchora naibu kwenye ukuta wa vyoo, tena kwa ustadi, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa njiani kurudi kwao Kinondo na sanduku lake kichwani. Hajarudi mpaka leo. Mimi nilijiona mjanja zaidi. Niliandika ndani ya kompyuta.

Shule yetu iko kati ya Ukunda na Msambweni, na kompyuta yake ni moja. Tuliletewa na mtalii aliyekuwa akija Diani kila Desemba, pamoja na sahani ya CD yenye programu za bure. Ubure wenyewe si wa kutolipa tu. Programu hizo huja na maandishi yake yote yaliyotumika kuzitengeneza, na yeyote anaruhusiwa kuyafungua, kuyasoma na kuyabadilisha. Mwalimu wetu wa hesabu, mtu wa bara, alichagua moja ya kutunza orodha za wanafunzi na akanipa kazi ya kugeuza maneno yake ya Kiingereza yawe Kiswahili. Penye neno la Kiingereza mimi nafuta, naandika letu, kisha naiita kompaila. Kompaila ndiyo inayoyachukua maandishi ya binadamu na kuyageuza kuwa kitu ambacho mashine inaweza kukitenda. Bila kupita kwake, ukiandika mpaka vidole vipinde, mashine haina habari nawe.

Basi pale mwisho wa orodha zote, palipotakiwa kuandikwa jina la anayeidhinisha, mimi niliandika: "Imeidhinishwa na naibu. Tumbo limeshafika, mwenyewe yuko njiani."

Nikaita kompaila. Ikapita bila kosa. Tukaendesha programu, sentensi ikatokea kwenye kioo, jirani yangu akapaliwa.

Saa tisa u nusu, masomo yalipokwisha, nilirudi chumba cha kompyuta peke yangu. Nikafungua maandishi, nikafuta tusi, nikaandika "Imeidhinishwa na Naibu wa Mwalimu Mkuu" kwa adabu na herufi kubwa zake. Nikaita kompaila. Mashine ikanijibu kwa Kiingereza kwamba kila kitu kimekamilika tangu hapo na hakuna la kufanya. Sikuliwazia jibu lile. Nikaendesha programu ili niione kazi yangu nzuri.

Tumbo limeshafika, mwenyewe yuko njiani.

Nilidhani nimesahau kuhifadhi. Nikafungua tena maandishi. Tusi halimo. Nikatafuta neno tumbo kutoka juu hadi chini, halimo. Nikaendesha programu, limo. Nikabadilisha na neno lisilohusika, mahali paliposema "Karibu" nikaandika "Karibuni nyote", nipime tu. Programu ikasema Karibu. Ilikuwa kama kuzungumza na mtu aliyekwisha kuamua kwamba hakusikii.

Siku ya Wazazi ilikuwa Ijumaa. Mwalimu wa hesabu alikuwa ametutangazia kwamba naibu mwenyewe ndiye atakayebonyeza, mbele ya wazazi wote, orodha zipite kwenye kioo mpaka mwisho. Na mwisho wake naujua mimi.

Jumatano asubuhi nilikutana na mwalimu wa hesabu kwenye kibaraza.

"Wewe, ile kitu yako iko sawa?" akauliza. "Ijumaa sitaki aibu, unaskia? Naibu ameniuliza mara mbili."

"Iko sawa, mwalimu."

"Mbona unatetemeka?"

"Homa, mwalimu. Malaria, nadhani."

"Enda sick bay, msee. Halafu jioni ung'arishe ile screen."

Ningeweza kumwambia pale pale. Angeshughulika dakika mbili na ingekwisha. Lakini kumwambia ni kumsomea sentensi yenyewe, na mwalimu yule hujua kucheka, ila chumba cha walimu akiingia hucheka kwa sauti.

Jumatano jioni nilijaribu kila kitu nilichokijua, na nilivyovijua vilikuwa vichache. Nilimwita mzee wa stoo, mshika funguo, ambaye ndiye huiwasha mashine mchana, akaizima akaiwasha tena. Niliandika sentensi nzuri mara tatu, nikidhani labda moja ingepenya. Nilisoma Ayatul Kursiy, jambo ambalo silifanyi hata kwa mtihani. Kompaila ilijibu lile lile, hakuna la kufanya, na tusi langu likapita kwenye kioo bila haraka. Ilipofika saa kumi u nusu yule mzee wa stoo alikuja na funguo kufunga chumba, nikaruka kuzima kioo kwa kiwiko.

Kwenye ile sahani ya CD kulikuwa na faili ya maelezo, yenye anwani ya barua pepe ya waliotengeneza programu, na maneno kwamba atakayekwama awaandikie, awe nani na awe wapi. Dada yangu hufanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja ya Diani, na hapo ofisini wana barua pepe. Jumatano hiyo hiyo, kabla ya Magharibi, nilimpelekea karatasi. Niliandika kwa Kiingereza changu cha kidato cha tatu kwamba kuna sentensi nimeifuta na haitaki kufutika. Sentensi gani, sikusema.

Alhamisi mchana, dada alimpa jibu dereva wa hoteli anayepita shuleni kwetu kumchukua mwanawe. Karatasi ilikuwa na mistari miwili ya mmoja wa waliotengeneza programu. Nisifute chochote, na nimpelekee orodha ya faili zote pamoja na saa ya kila moja. Pembeni dada alikuwa ameongeza kwa kalamu: "Huyu ni nani? Hata salamu hana."

Nilisikitika. Nikiandika tena leo, jibu litakuja kesho, na kesho ndiyo Ijumaa. Lakini sikuwa na kingine cha kufanya. Nikaingia chumbani, nikaiamuru mashine inipangie faili zote na saa zake, na kwa kuwa hatuna printa, nikafungua daftari la jiografia nikaanza kunakili kwa mkono, mstari kwa mstari.

Ile faili niliyoifuta tusi nilikuwa nimetoka kuihifadhi dakika chache nyuma. Mashine iliandika kuwa imehifadhiwa saa 09:52. Nikanakili. Mstari wa chini yake ulikuwa wa tafsiri yake, kile kitu kilichotoka kwa kompaila siku ya Jumanne tulipokuwa tukicheka. Saa 11:10.

Nikakaa na kalamu yangu. Nilichokifanya sasa hivi, Alhamisi jioni, kilikuwa cha zamani kuliko nilichokifanya Jumanne.

Nywele zilinisimama, na sisemi kwa mzaha. Nilitazama mlangoni. Nilitazama tarehe. Tarehe ya kwanza Januari, faili zote, hata za leo. Ndipo nikakumbuka kwamba betri ndogo ya ndani ya mashine ile imekufa. Kila ikiwashwa husahau wakati, ikasimama kungoja mtu aiambie saa. Tarehe haikumshughulisha mtu. Kwa mashine kila siku ilikuwa siku ile ile moja, na mtu aliyeiwasha aliijaza saa tu.

Na walioiwasha ni watu wawili. Asubuhi ni mwalimu wa hesabu. Saa sita huzimwa ipoe. Mchana huiwasha mzee wa stoo, mtu wa Vanga, ambaye saa yake ya mkononi huiweka kama saa ya ukutani msikitini, jua likizama mishale iko kwenye kumi na mbili. Mwalimu huandika saa yake ya kizungu. Mzee huandika yake. Saa tano ya Jumanne asubuhi ikaingia kama kumi na moja. Saa kumi kasoro ya jioni ikaingia kama tisa. Na kompaila haiitwi ovyo. Juu yake kuna msimamizi, programu nyingine inayotazama saa tu. Maandishi yakiwa mapya kuliko tafsiri, anamwamsha kompaila. Yakiwa ya zamani, anasema hakuna la kufanya. Siku tatu nzima nilikuwa nikiandika kabla ya wakati wangu.

Mzee alikuwa nje ya mlango, kwenye kiti chake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Wafunga chumba?"

"La. Nataka tuizime, tuiwashe tena, halafu uniachie niandike saa mimi."

Akautazama mkono wake. "Saa nimeiandika. Saa kumi na dakika tano."

"Ile ya kizungu, babu. Kumi na sita."

"Kumi na sita ni saa gani?" akasema. "Kutwa ina kumi na mbili. Mwalimu aliniambia niandike saa, naandika ya kweli. Jua la kwao bara huchomoza ngapi?"

"Babu, nakuomba. Kazi yangu haipiti bila hiyo."

"Kesho asubuhi mwalimu akija, mwambie yeye."

"Kesho nitakuwa nimekwisha."

Nadhani sauti yangu ilivunjika hapo, kwa kuwa alinitazama kwa mara ya kwanza kama mtu na si kama mnyama wa kidato cha tatu. Akainuka, akaingia, akavuta kiti mbele ya kioo.

"Nionyeshe hicho kinachokutoa jasho. Kisha nitaizima."

Nikaendesha programu. Majina ya wanafunzi yakapita, darasa kwa darasa, na kila darasa lililopita nikaomba umeme ukatike. Kwa kawaida hukatika kila kukicha. Siku hiyo ulikaa. Ule mstari wa mwisho ukatokea. Mzee akavaa miwani, akasoma kwa kunong'ona, kidole chake kikifuata maneno.

Akakirudisha kidole mwanzo wa mstari. Kisha akasema, "Astaghfirullahi."

"Nimeifuta, babu. Wallahi nimeifuta toka juzi."

"Tumbo hilo alilitoa kwa mamake," akasema polepole. "Na mamake ni dada yangu, wa tumbo moja."

Nilimwona akilini yule mvulana wa Kinondo na sanduku lake. Nilimwona babangu, mpishi wa hotelini, akiitwa jikoni mbele ya wenzake.

Mzee akavua miwani akaifuta kwenye shati.

"Yeye mwenyewe ajua?"

"Hajui bado."

"Basi. Andika hiyo saa yako ya kumi na sita. Litoe hilo jambo hapo, wazazi wasilione, wala yeye asivunjiwe heshima mbele ya watu. Lakini kesho watu wakishaondoka, utamwendea umwambie kwa kinywa chako. Usipokwenda wewe, nitakwenda mimi."

Alikubali mashine izimwe. Iliposimama kuuliza wakati, niliandika 16:20. Nikafungua maandishi, nikaongeza nafasi moja, nikahifadhi. Nikaita kompaila. Safari hii haikunijibu kitu. Ile diski ya ndani ikaanza kukwaruza, mistari ikapanda kwenye kioo, na sisi wawili tukakaa kuitazama. Ilipotulia niliendesha programu. "Karibuni nyote," ikasema. Na mwisho, naibu akawa na cheo chake na herufi kubwa zake.

Nilitegemea hofu iondoke hapo. Haikuondoka. Ijumaa asubuhi mwalimu wa hesabu ndiye aliyewasha, na nilisimama nyuma ya wazazi nikiamini kabisa kwamba usiku ule sentensi imerudi. Naibu alibonyeza. Majina yakapita. Mama mmoja akamwona mwanawe akapiga kigelegele. Mstari wa mwisho ukatoka msafi, watu wakapiga makofi, naibu akainama kidogo, na nikaona alivyofurahi kuliona jina la cheo chake limeandikwa na mashine. Hilo liliniuma kuliko kama angenipiga.

Saa saba wageni walikuwa wameondoka. Mzee wa stoo alipita mbele ya darasa letu, akanitazama, akaendelea zake. Nikaenda.

Naibu alikuwa akila wali wa nazi kwenye meza yake. Akaniambia nikae, nikabaki nimesimama.

"Mwalimu, Jumanne niliandika jambo juu yako kwenye kompyuta. Nimelitoa, hakuna mzazi aliyeliona."

"Uliandika nini?"

"Si jambo la adabu, mwalimu."

"Nimekuuliza uliandika nini."

Nikalisema. Peke yake, bila kicheko cha jirani, ilikuwa sentensi ndogo yenye uchafu. Naibu akaweka kijiko chini. Akatazama sahani yake, akaisukuma mbele kidogo. Hakunipigia kelele. Alivuta karatasi akaandika, kwa mwandiko mzuri sana, kwamba nikae nyumbani wiki mbili na nirudi na mzazi.

"Ungenyamaza nisingejua," akasema akinipa barua. "Kwa hiyo utarudi. Ila sasa hivi toka mbele yangu."

Baba alirudi zamu yake ikiwa imekwisha, bado na suruali ya mistari ya jikoni. Aliisoma barua akiwa amesimama mlangoni, akairudia toka juu.

"Hapa pameandikwa maneno ya utovu wa nidhamu," akasema. "Maneno gani?"

"Baba, nimeshaaibika mara mbili. Kwa mjomba wa naibu na kwa naibu mwenyewe."

"Na mimi ni wa tatu. Sema."

Nikayasema, macho kwenye vidole vya miguu yangu. Baba akanigeuzia mgongo, akauelekea ukuta, mkono mmoja akiwa ameuegemeza. Mabega yake yakaanza kutikisika. Yalitikisika kwa muda mrefu, bila sauti hata kidogo, na mimi nikabaki pale nisijue analia au anacheka, wala sikuthubutu kumsogelea nimtazame usoni.