Nilifuta Sauti ya Babu Nikaweka Yangu

Kwanza jembe linagonga jiwe, halafu Babu anakohoa kidogo, ndipo anaanza kuimba na wenzake wanaitikia. Mlio ule bado uko masikioni mwangu. Kwingine kokote haupo tena, na aliyeufuta ni mimi. Simsingizii mtu.

Mimi ni msichana wa huku Simiyu. Shule niliishia kidato cha pili, na ndoto yangu ni muziki. Naimba nikifagia, naimba nikichota maji, majirani wananiita staa kwa kunitania na mimi naitika. Naishi na Bibi kijijini, upande wa Lagangabilili. Nakusimulia wewe msomaji kwa sababu nyumbani siwezi tena kulizungumza.

Babu alikuwa mwimbishaji wa kikundi cha kulimiana. Wakiwa kwenye shamba la mtu anatunga papo hapo kwa Kisukuma, na majembe yanashuka pamoja. Baba mdogo alimrekodi nyimbo sita kwa simu, akazitia kwenye kadi ya redio ya Bibi. Baadaye simu ikaibiwa Malampaka, na Babu akafariki. Zikabaki za kwenye kadi tu. Kila asubuhi Bibi akichambua pamba lazima azisikilize. Siku betri ikiisha, hata uji haumalizi.

Mwaka huu nikarekodi wimbo wangu wa kwanza, Bariadi mjini. Nikataka Bibi ausikie kwenye redio yake, nikampelekea kadi kijana wa kibandani anayeingizia watu nyimbo.

"Dada, imejaa hii," akasema. "Kuna hizi sita hazina majina, namba tupu. Sikiliza kwanza, zisije zikawa za maana."

"Futa bwana. Staa hasubirishwi."

Akacheka, akafuta.

Kichwani mwangu za Babu zilikuwa zimeandikwa jina lake. Sikuwahi kuangalia. Na nilikuwa na haraka ya kujisikia mwenyewe.

Bibi alisikiliza wimbo wangu mpaka mwisho, mikono imejaa pamba. "Ni wewe huyu, mjukuu wangu? Kumbe una sauti." Akatabasamu. "Haya, sasa niwekee mwenyewe, babu yako."

Nikabonyeza mbele, nikabonyeza nyuma. Kwaya, tangazo la mnada, mimi. Kwaya, tangazo, mimi.

"Kadi imegoma, Bibi. Nitaipeleka kwa fundi."

Wiki tatu nilimdanganya. Fundi alishaniambia siku ya pili yake: "Wimbo wako umekaa palepale zilipokuwa. Hapa hakuna cha kurudisha." Nikamfuata mzee mmoja wa kikundi, akaniimbia anayoyakumbuka. Alijitahidi, mzee wa watu. Lakini si Babu.

Na kila asubuhi Bibi anauliza, "Fundi amesemaje?"

Mwisho nikapiga magoti nikamwambia yote.

Hakunipiga wala hakunitukana. Bora angenitukana. Akiwa anachambua pamba akasema, "Wimbo wa nne alikuwa ananitaja kwa jina langu la usichana." Akalitamka. Nimezisikia nyimbo zile miaka yote, jina hilo sikuwahi kulinasa. "Hapa wote mnaniita Bibi. Waliokuwa wananiita hivyo wameshakwisha, alikuwa amebaki yeye tu, mle ndani." Akanisogezea redio. "Kaa nayo wewe. Mimi ya nini tena."

Sasa anachambua pamba kimya. Nikiimba anasema nimeimba vizuri, na hapo ndipo ninapoumia zaidi. Nimefikiria usiku na mchana cha kumfanyia, sijakiona.

Ninyi wenye sauti za wazee wenu kwenye simu na kwenye kadi, ziandikeni majina leo hii, msingoje kesho. Ziwekeni mahali pawili. Na mtu akikwambia sikiliza kwanza, hata kama una haraka ya namna gani, sikiliza. Mimi nilikuwa na dakika moja tu ya kusikiliza, nikaiona nyingi.

Jana nilikwenda peke yangu nyuma ya zizi. Nikawasha simu irekodi, nikalitamka lile jina polepole, kama ninavyodhani Babu alilitamka. Kisha nikajisikiliza. Ilikuwa sauti ya mtoto anamwita mtu mzima bila adabu.

Nikaifuta.