Saladi ya Bwana Hamatani

Watu wa mji wetu wa Ostrander wakimtaja shemeji yangu Amalia Schwabauer husema, "Yule mama mkali wa ofisi ya reli." Mkali wapi! Mkali ni mimi. Amalia alikuwa mtaratibu tu, na wazembe wakimwona mtu mtaratibu humwita mkali. Aliolewa na kaka yangu Konrad mwaka wa elfu moja mia tisa ishirini na moja, na Konrad alipofariki sikuacha kwenda kula kwake kila Jumapili. Kwa hiyo mtu asinieleze Amalia alikuwa nani.

Sote wawili tulikuwa watu wa reli. Mimi nilikuwa juu ya jukwaa la barafu. Mabehewa ya matunda na mboga kutoka pwani ya magharibi yalisimama kando ya jukwaa, tukafungua vifuniko vya juu na kusukumia mapande ya barafu ndani mpaka matangi yakajaa, kisha treni ikaondoka kuelekea mashariki. Vidole vyangu mpaka leo havijui kikombe cha moto na cha baridi. Amalia alikuwa ofisini, hatua mia mbili kutoka kwetu, penseli sikioni, na kazi yake ilikuwa kugeuza njia.

Siku hizi mboga zinakwenda kwa malori, kwa hiyo acha nieleze. Mkulima wa Washington au California hakungoja mnunuzi, maana saladi haingoji. Alijaza behewa, akaliandikia Chicago, akaliachia litembee. Behewa likiwa njiani siku nne, tano, yeye yuko kwake anatafuta mnunuzi kwa telegramu. Kila asubuhi Amalia alimpelekea habari: behewa lako namba fulani limefika hapa saa fulani, barafu imejazwa. Kama mkulima amepata soko zuri Omaha, anajibu, "Geuza, peleka Omaha." Amalia anajaza fomu, anaandika jina la mkulima mahali pa sahihi kwa nguvu ya telegramu hiyo, anamkimbilia gadi wa treni kabla haijaondoka; baadaye nakala inamfuata mkulima kwa posta, aitie sahihi yake na kuirudisha. Na mkulima asipojibu? Ukimya ulikuwa na maana moja tu: liendelee Chicago. Hakuna behewa lililogeuzwa bila neno la mwenye mzigo. Aliyegeuza bila neno hilo alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo, na sikuwahi kusikia aliyesamehewa.

Amalia hakuwahi kuwaona wakulima hao, lakini aliwajua kwa telegramu zao. Jumapili, tukila mikate yetu ya kabichi na nyama, alikuwa akinisimulia kama jirani anayesimulia majirani.

"Yule wa Salinas katukana tena," anasema.

"Analipia matusi kwa neno?"

"Analipia. Na yule wa Yakima hajui hata behewa lake liko wapi."

"Na mume wako wa Washington je?"

Hapo ananirushia kitambaa cha mkono. "Shemeji, una adabu wewe? Mtu mzima, ana mke na mtoto."

Huyo ndiye Bwana Hamatani, Mjapani, mkulima wa saladi katika bonde moja karibu na Seattle. Jina lake la kwanza lilikuwa Jinzo. Kwa miaka kumi na sita alijibu kila telegramu ndani ya saa moja, na kila mara alimaliza kwa neno "Asante." Telegramu inalipiwa kwa neno, na hakuna mtu mwingine kwenye reli nzima aliyelipia asante. Mimi nilimcheka. Amalia hakucheka hata siku moja, na kwa kweli nadhani neno lile moja ndilo lililompa nguvu ya kuendelea baada ya Konrad kufa.

Basi ikaja vita na Wajapani, na mwaka wa arobaini na mbili, mwezi wa Mei, ikatoka amri ya serikali kwamba Wajapani wote wa pwani ya magharibi waondolewe majumbani, wazee kwa watoto, wapelekwe kambini. Magazeti yaliandika hivyo hivyo, mistari michache. Sisi tulisoma, tukanyamaza. Wazazi wetu walikuwa Wajerumani kutoka Urusi, na mwaka wa kumi na nane, wakati wa vita ya kwanza na Wajerumani, watu wa mji huu huu walipaka mlango wa kanisa letu rangi ya manjano na kutukataza kusali kwa lugha yetu. Usidhani kwa sababu hiyo tulisema neno. Tulinyamaza kwa sababu hiyo hiyo, na sina raha nikisema.

Wiki ile Chicago ilijaa saladi. Amalia ndiye aliyejua kuliko mtu yeyote, maana mabehewa yote yalipita mkononi mwake: mabehewa zaidi ya mia mbili yamesimama kule kwenye jua, barafu inayeyuka, hakuna anayenunua. Wakulima wote wakawa wanageuza. Peleka Omaha, peleka Des Moines, peleka popote. Asubuhi ya Alhamisi likaingia behewa la Hamatani. Nililijaza barafu mimi mwenyewe. Nilipofungua kifuniko nikanusa. Saladi ilikuwa safi, mbichi, inanukia shamba. Nikasema moyoni, huyu mzee kweli anajua kazi.

Saa tatu nikaenda ofisini kuchukua orodha ya treni inayofuata. Nikamkuta Amalia amesimama, karatasi mkononi.

"Imerudi," akasema.

"Nini imerudi?"

"Habari niliyompelekea Bwana Hamatani. Soma."

Nikasoma. Iliandikwa: HAIKUFIKA. MPOKEAJI HAYUPO.

"Basi wamemchukua," nikasema. "Alikata saladi, akapakia, halafu wakamchukua. Pole yake. Limeandikiwa Chicago, liende Chicago."

"Likaoze?"

"Mtu hajajibu, Amalia. Asipojibu ina maana..."

"Usinifundishe kazi yangu! Asipojibu ina maana amekubali. Huyu hakukubali kitu. Huyu hakuulizwa."

Ala! Miaka ishirini sikuwahi kusikia sauti ile. Nilitazama saa ya ukutani. Treni ilibakiza dakika ishirini na mbili kuondoka.

Akaketi, akatoa fomu. Kulikuwa na dalali wa Sioux City, Mgiriki mmoja, aliyekuwa ameuliza tangu jana kama kuna saladi nzuri ya kumpelekea, kwa sababu mji wake umesahauliwa na watu wote wanaokimbilia Omaha. Amalia akaandika namba ya behewa, akaandika Sioux City, pesa zitumwe kwa J. Hamatani popote alipo. Akafika mahali pa sahihi ya mwenye mzigo, penseli ikasimama.

"Andika jina lake basi," nikamwambia. "Nani atajua? Umeona sahihi yake mara mia."

"Nimwibie na jina?"

"Watakufukuza! Una mama yako nyumbani, hatembei. Utamlisha nini, penseli?"

"Shemeji, kajaze barafu."

Akapaacha patupu mahali pa sahihi. Chini yake akaandika: Nimegeuza mimi mwenyewe, bila agizo. A. Schwabauer. Kisha akatoka mbio na viatu vyake vya ofisini juu ya kokoto, mama wa miaka arobaini na tano, akamkabidhi gadi ile karatasi. Nilisimama juu ya jukwaa nikaona behewa linakatwa kutoka treni ya Chicago na kusukumwa kwenye reli ya kaskazini. Sikupiga makofi wala nini. Nilikuwa nimekasirika kweli kweli, nikivunja barafu kama imenikosea.

Saladi ile iliuzwa Sioux City siku ya pili, yote, ikaliwa. Saladi za Chicago zilimwagwa mtoni.

Mkuu wa stesheni, Bwana Prather, aligundua mwezi ulipoisha, alipokagua fomu. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na wakubwa zake. Akamwita Amalia, nami nikaingia bila kuitwa.

"Bi Schwabauer, sahihi ya mwenye mzigo iko wapi?"

"Haipo, bwana."

"Agizo la telegramu?"

"Halipo."

"Kwa nini uliandika kabisa kwamba hakuna? Ungenyamaza, hata mimi nisingeona."

"Fomu lazima iseme kweli."

Bwana Prather akajishika kichwa. "Wakaguzi wanakuja tarehe ishirini Julai. Karatasi hii ikiwa hivi ilivyo, siku hiyo huna kazi. Siwezi kukuficha, mama, unanielewa?"

"Nakuelewa."

Njiani kurudi nyumbani nilimlaumu mpaka nikachoka. Yeye akaniambia tu kwamba amemwandikia Bwana Hamatani barua kupitia jeshi, kumweleza mzigo wake umekwenda wapi. "Ni haki yake kujua behewa lake liko wapi," akasema. Nilimwambia barua hiyo itaishia kwenye jalala la koplo fulani. Amalia akaanza kufundisha mikono yake kufua nguo za watu, maana alijua itakuwa kazi yake.

Juni ikapita. Julai ikafika tarehe kumi na saba. Mchana huo Amalia alikuja mwenyewe hadi jukwaani, jambo ambalo hakuwahi kufanya, akasimama chini akinipungia bahasha. Nikashuka. Bahasha ilikuwa imefunguliwa na wakaguzi wa barua na kubandikwa tena. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, na juu yake Bwana Hamatani ametengeneza, kwa rula na wino, fomu yetu. Mistari yote, nafasi zote, kwa kumbukumbu. Namba ya behewa. Tarehe ileile ya Alhamisi ya Mei. Geuza, peleka Sioux City. Sahihi: Jinzo Hamatani. Na chini yake kwa herufi ndogo:

*Samahani kwa kuchelewa kutoa agizo. Nilikuwa njiani na sikuambiwa naenda wapi. Tuko wanne, mke wangu, binti yangu, mama yangu na mimi. Asante.*

Nilisoma mara mbili. Kisha nikamrudishia, nikapanda juu, maana sikutaka wenzangu waone uso wangu. Mtu wamemtoa shambani kwake, wamemweka nyuma ya seng'enge, halafu anaomba radhi kwa kuchelewa kujibu!

Wakaguzi walipokuja, Bwana Prather aliwapa ile karatasi bila maelezo. Mmoja akaigeuza nyuma na mbele, akauliza, "Hii ni fomu?" Bwana Prather akasema, "Ni ya mwenye mzigo. Ina sahihi." Basi, ikaingia faili, na Amalia akabaki na kazi yake.

Lakini tangu siku hiyo alikuwa na fomu nyingine kwenye droo, aliyoijaza mwenyewe. Niliiona siku moja nikitafuta kiberiti. Mzigo: watu wanne. Kutoka: kambini. Kwenda: nyumbani kwao. Mahali pa sahihi hapakuwa na kitu.

"Hii nani atasaini?" nikamwuliza.

"Sijui."

"Sasa umeiandika ya nini?"

"Rudisha ulipoitoa, shemeji."

Ikakaa humo miaka mitatu. Barua za Bwana Hamatani zilikuja mara moja moja, kila mara kutoka kambi nyingine, ya mwisho ikiwa ya Arkansas. Mwezi wa Oktoba mwaka wa arobaini na tano, vita imekwisha, ikaja telegramu. *Tunapita Ostrander Jumanne mchana. Hatuna mzigo. Asante.*

Jumanne hiyo Amalia alivaa gauni lake la kanisani. Mimi nilinawa mikono, nikavaa koti. Treni ya abiria ilisimama dakika kumi na mbili kuchukua maji. Akashuka mzee mfupi, kofia mkononi, nywele nyeupe tupu, na nyuma yake mke wake na msichana mrefu. Nikatazama mlangoni nikingoja wa nne.

"Bi Schwabauer," akasema. Hakuuliza, alimjua. Labda kwa penseli sikioni.

"Karibu, Bwana Hamatani. Shamba lako je?"

"Kuna mtu mwingine anakaa. Tutakwenda tukaone."

Wakasimama hivyo, watu wa miaka kumi na tisa ya telegramu, na hakuna aliyejua kuzungumza kwa mdomo. Nilikuwa karibu kusema upuuzi wowote ili mradi kuna sauti. Ndipo Amalia akafungua mkoba, akampa ile fomu.

Akaisoma polepole, kuanzia juu mpaka chini. Kisha akanyoosha mkono, naye Amalia akamwelewa, akatoa penseli sikioni akampa. Mzee akaweka karatasi juu ya mkokoteni wa mizigo. Akapiga mstari mmoja kwenye neno "wanne." Juu yake akaandika "watatu." Akatia sahihi.

"Mama yangu alibaki Arkansas," akasema. "Fomu lazima iseme kweli."

Amalia akaipokea kwa mikono miwili, akaenda nayo ofisini, na sisi sote pale nje tukasikia mhuri ukigonga.